Mhadhara wa Kagondo Juu ya Matangazo Yasiyoalikwa

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Katibu wa chama chetu cha msingi cha kahawa, wazee wangu, akina mama, vijana, na wewe binti wa steshenari uliyekaa mlangoni kana kwamba una safari: itifaki imezingatiwa. Nasema imezingatiwa ingawa mshereheshaji amenitambulisha kama "fundi kompyuta". Fundi ni mtu wa baiskeli. Mimi ni Mtaalamu Mshauri Mkuu wa Usalama wa Mtandao, Kanda ya Ziwa, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kutafuta kanda nzima na kukosa mtu mwenye sifa za kunipa.

Nimechelewa, na kuchelewa kwangu ni sehemu ya somo. Asubuhi nilimwambia kijana wa bodaboda, "Kagondo." Akanipeleka Kagondo ya Manispaa ya Bukoba. Nikatandika projekta yangu pale, nikaanza kuhutubia watu waliokuwa wakisubiri usafiri, hadi mama mmoja muuza ndizi aliponinong'oneza kwamba Kagondo inayonisubiri ni hii ya Muleba. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo inayoitwa kuelekezwa kwingine. Unaandika kwenye kivinjari mahali unapotaka kwenda, na kuna mtu katikati anayekupeleka anakotaka yeye. Ni kweli kwamba yule kijana aliniuliza, "Ya Bukoba au ya Muleba, mzee?" Nilimjibu kwamba mtu wa hadhi yangu haulizwi maswali njiani.

Sasa mada. Katibu amenieleza kwa masikitiko kwamba kompyuta ya chama haitumiki. Akitafuta bei ya kahawa, inafunguka tovuti ya mikeka. Akiifunga, linakuja tangazo la dawa za nguvu za kiume, na Katibu ni mzee wa kanisa. Ukurasa wa mwanzo umebadilika, injini ya kutafutia imebadilika, na akiirudisha ya zamani, kesho yake anaikuta ileile mpya. Anasema balaa hili lilianza msimu uliopita. Namuunga mkono. Nakumbuka vizuri, kwa sababu msimu uliopita ndipo mimi nilipoitengeneza kompyuta hiyo. Niliipiga window, nikaiwekea programu za kazi kutoka kwenye flashi yangu, zote za bure, zile ambazo wenzangu wa Ulaya huzilipia. Kwa hiyo hakuna mtu anayeijua historia ya ugonjwa huu kunizidi.

Na tukitaja historia, msomi hatoki nyumbani bila historia. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Ethan Zuckerman, alikuwa kwenye kampuni ya mtandao iitwayo Tripod. Kampuni moja ya magari ilikuta tangazo lake limebandikwa juu ya ukurasa wa mambo ya chumbani, ikahamaki. Zuckerman akaandika maelekezo ya kompyuta ya kulifungulia tangazo dirisha lake peke yake, lisionekane kuwa ndugu wa ukurasa ule. Ndiyo hayo madirisha yanayowarukia usoni mpaka leo. Mwaka 2014 bwana huyo aliandika katika jarida la The Atlantic, akauomba ulimwengu radhi.

Hapo ndipo aliponishusha moyo. Mtaalamu haombi radhi! Humu ukumbini naona watu ambao kompyuta zao hazikuwaka tena baada ya kupita mikononi mwangu. Nani kati yenu amewahi kusikia neno "samahani" likitoka kwangu? Mnaona? Kimya.

Binti wa steshenari ameinua mkono. Nitampa nafasi mwishoni.

Huko Dar es Salaam wanatuita nshomile, eti watu wa Kagera tunapenda kujisifu. Mimi sijisifu, nina vyeti. Hiki hapa nilitunukiwa na tovuti moja baada ya kufaulu mtihani wenye maswali haya: una umri gani, na namba yako ya simu ni ipi? Nilipata yote. Hiki kingine, ambacho nimekiwekea fremu, kinasema: "HONGERA! Wewe ni mgeni wetu wa milioni moja." Nilikichapisha kwa rangi. Aliyekichapa ni binti huyuhuyu, na alicheka sana. Nikajua ni wivu.

Hebu niwaeleze ilivyokuwa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuangalia mpira bila kulipa, kwa ajili ya utafiti. Ghafla kioo kizima kikajaa maua na neno HONGERA. Mtu wa kawaida angeshtuka. Mimi sikushtuka, kwani nilijua iko siku mtandao utanitambua. Juu kukatokea kisanduku kidogo kikisema tovuti hii inaomba kukutumia arifa, na vitufe viwili: Zuia, Ruhusu. Mtu amekupongeza, utamfungia mlango? Nikaruhusu. Tangu hapo napokea salamu kutoka pande zote za dunia, usiku na mchana. Naambiwa simu yangu ina virusi 13. Naambiwa nimeshinda gari. Jumapili moja arifa ililia katikati ya mageuzo, paroko akanitazama, waumini wakanitazama, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mshindi. Bando la wiki siku hizi haliioni hata Jumatano, lakini umaarufu una gharama zake.

Binti hakungoja mwisho. Ameropoka bila kipaza sauti: "Hivyo si virusi, baba, ni arifa ulizoruhusu mwenyewe. Ingia Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Kila tovuti usiyoitambua, izuie. Basi."

Mmesikia? Basi! Hotuba ya mtu aliyesoma inaweza kuishia kwenye neno "basi"? Katika maelezo yote hayo hamna hata neno moja gumu. Namwona Katibu ameinamia simu yake, anabonyeza bonyeza, ananyanyua uso, anasema matangazo yamekoma. Mzee wangu, hiyo ni bahati. Usiizoee.

Tuendelee na utaalamu wenyewe. Novemba 2011 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kukamatwa kwa raia sita wa Estonia. Mtandao wao ulikuwa umeambukiza kompyuta takriban milioni nne katika nchi zaidi ya 100 na kuzibadilishia kile kitabu cha anwani ambacho kompyuta hukisoma ili kujua tovuti iko wapi. Ukiita tovuti hii, unaletewa ile wanayolipwa wao. Walivuna dola za Marekani zisizopungua milioni 14. Niliposoma habari hiyo nililia machozi. Milioni 14! Mimi nimewaelekeza watu kusiko kwa miaka mingi, na hapa nilipo nauli ya kurudi nategemea mchango wenu.

Kisha mwishoni mwa 2014 kampuni ya Lenovo ikauza kompyuta mpakato zikiwa zimeshawekewa programu iitwayo Superfish, ambayo kazi yake ilikuwa kuchomeka matangazo kwenye kurasa unazosoma. Ili iweze kuyachomeka hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usalama, programu ilijifanya mdhamini wa kila tovuti, za benki zikiwamo. Februari 2015 wachunguzi wakaufumua ufunguo wake wa siri, wakakuta nywila yake ni "komodia". Na Komodia ndilo jina la kampuni iliyotengeneza mtambo huo! Nilicheka hadi nikapaliwa. Ni mjinga gani anayefanya jina lake mwenyewe kuwa nywila?

Mkiniambia hayo ni ya matajiri, nawaleta Afrika. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kuwa simu za Tecno W2, za bei ya chini, ziliuzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa na programu hasidi ndani, Triada na xHelper. Mtu anafungua boksi jipya, simu inaanza kumsajili kimyakimya kwenye huduma za kulipia na kula salio lake. Watengenezaji, Transsion, walisema mchezo ulifanywa na mgavi mmoja katika mnyororo wao. Na huyo xHelper, wataalamu walionya, hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, anarudi.

Naona minong'ono. Ndiyo, ni kweli kwamba simu zenu zinazotoa matangazo nimekuwa nikizitibu kwa kuzirudisha katika hali ya kiwandani, mkapoteza picha za harusi na namba za wateja, na matangazo yakarudi. Sasa mmejua ukubwa wa adui niliyekuwa napambana naye. Ndiyo maana pesa sikurudisha.

Kijana muuguzi anauliza kama hakuna njia ya kujaribu kabla ya kufuta kila kitu. Anasema simu yake ilikuwa inaleta tangazo kioo kizima hata akiwa hajafungua kitu, akaiwasha kwa hali salama, ambamo programu za kupakua hazifanyi kazi, matangazo yakanyamaza. Akajua mwizi yumo kwenye programu alizopakua. Akaenda kwenye Mipangilio, akapitia orodha nzima ya programu, akakuta tochi aliyoisakinisha majuzi, haina hata picha kwenye kioo cha mbele, na imepewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Akaifuta. Akaamuru Play Protect ikague simu. Picha zake zote zipo.

Kijana, hiyo ni hadithi nzuri. Lakini hukulipa chochote. Tiba isiyolipiwa tutaijuaje kama ni tiba?

Nirudi kwangu. Mimi kwa jamii hii ni taa ya senene. Msimu ukifika, mnajua wenyewe, watu wanasimamisha mabati, wanawasha taa kali, na senene wanakuja wenyewe bila kuitwa. Ndivyo wateja wanavyonijia. Mzee mmoja wa nyuma ananiuliza, "Na senene akishafika kwenye taa, waitu, anafanywaje?" Anang'olewa mbawa na miguu, mzee wangu, kisha anakaangwa. Sijui mnacheka nini.

Kompyuta ya chama nilipanga kuipiga window upya. Lakini muda huu ninaohutubia, binti ameshaivuta mezani kwake. Ameingia kwenye viendelezi vya kivinjari, ameondoa kimoja kilichojiita msaidizi wa kutafuta na kingine cha kuponi za punguzo za maduka ya Ulaya. Amekwenda kwenye orodha ya programu, ameipanga kwa tarehe, na ametoa zote zilizoingia siku moja. Amerejesha mipangilio ya kivinjari. Sasa anawasomea kwa sauti tarehe hiyo, na kwa namna isiyo ya adabu anauliza nani alikuwa na kompyuta siku hiyo. Anasema programu zilizokrakiwa ndimo wanamojificha hawa, na kwamba hata programu halali huja na wageni ukibonyeza "endelea, endelea" bila kusoma visanduku vilivyotiwa tiki. Mimi kusoma nilishamaliza chuoni.

Kuhusu ile alama ya X ya kufungia tangazo: mara nyingi ni picha tu. Imechorwa ndani ya tangazo, kijivu juu ya kijivu, na ukiigusa umelifungua. Funga kichupo kizima. Hili nalijua kwa sababu nimezigusa nyingi. Mama mmoja anauliza hotuba hii X yake iko wapi. Mama, hotuba yangu haina X. Imeandaliwa kwa viwango vya kimataifa.

Mwisho, sheria. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na imegusa hata ujumbe usioombwa. Ukitumiwa tangazo ambalo hukuliomba, usinyamaze. Wale mnaolalamika kwamba mwaliko wa mhadhara huu ulitumwa kwenye kila kundi la WhatsApp, la msiba likiwamo, hilo ni suala jingine, na aliyeutuma alikuwa na nia njema. Nilikuwa mimi.

Kabla hamjatoka, karatasi ya mahudhurio inazunguka. Kila mmoja aandike jina, namba ya simu na nywila ya simu yake, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi yangu. Msiogope, nimejaza mstari wa kwanza mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, iwe mfano. Nywila: MTAALAMU MKUU.

Mbona karatasi imerudi na mstari mmoja tu? Na nani huyo ameshaingia kwenye simu yangu na kunizuilia arifa zote? Binti! Rudisha mara moja! Leo jioni nilikuwa nasubiri kujulishwa pa kuchukulia gari.