Kahawa Haingoji Jumamosi

*Shangazi, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alinipigia simu Jumanne alfajiri: "Kanola ya Timau imechanua! Oga, nakupitia twende." Nikamwambia tupange vizuri, labda Jumamosi moja mwezi ujao. Sasa hata salamu zangu hajibu. Mkosaji ni nani? – Mpenda Mpango, Runyenjes.*

Mpenda Mpango, mkosaji ni wewe, na shahidi wangu amesimama shambani kwako. Mtu wa Runyenjes hafundishwi tabia za mkahawa. Macho ya maua hulala kiangazi kizima yakingoja maji. Mvua ya masika ikishuka, hupita wiki moja hivi, kisha asubuhi moja mteremko mzima umekuwa mweupe na hewa inanukia asumini. Baada ya siku mbili tatu maua yamesinyaa, yanadondoka. Hakuna mtabiri wa hali ya hewa wala karani wa chama cha ushirika awezaye kukutajia siku hiyo mwezi mmoja kabla. Buni yake utaichuma mwishoni mwa mwaka, na hiyo unaweza kuipangia vibarua; ua lenyewe huwezi. Kanola, ule mmea wa mbegu za mafuta, ina subira kidogo, hukaa njano wiki tatu au nne, lakini siku ya kuanza hutegemea ilipandwa lini, na kupanda nako hutegemea mvua. Ukisema mwezi ujao, huenda ukafika ukute maganda ya mbegu. Isitoshe, hiyo Jumamosi unayoahidi si yako: Embu nzima inajua kwamba Jumamosi ni ya ruracio za mahari, harusi, harambee na mazishi. Rafiki yako alichagua Jumanne kwa sababu ana akili.

Utasema lipo ua linalotii kalenda. Kweli lipo, nalo ni waridi. Huko huko Timau hulimwa ndani ya vivungulio, na wakulima hupogoa wiki kadhaa mapema, wakihesabu siku kurudi nyuma kutoka Februari 14, ili mavuno yaangukie soko la wapendanao Ulaya. Huo ndio mpango kamili, vile unavyoupenda. Ila waridi la kuuzwa ng'ambo hukatwa likiwa bado limefumba, likatiwa kwenye chumba cha baridi, likapanda ndege, likaja kufunguka Uholanzi au Uingereza mezani pa mtu usiyemjua. Wewe uliye barabarani unaona plastiki tu. Basi mpango unamfaa anayeuza ua. Anayetaka kuliona likiwa wazi hana budi kulifuata siku linapofunguka, na kwa kuwa siku hiyo haijulikani mapema, anahitaji mwenzake mmoja ambaye simu ya alfajiri haimtishi. Marafiki wa aina hiyo hupatikana zaidi katika wale wa zamani, waliokuona ukiwa huna viatu. Hawa wapya bado tunawaonea haya, tunataka kwanza tununue nguo.

Najua kuna watakaonirushia methali ya haraka haraka. Naikubali, lakini kwa usukani peke yake. Kuamua upesi si kuendesha gari upesi. Kutoka Runyenjes mtapita Chuka, mshuke daraja la Nithi, mpande Nkubu hadi Meru ndipo mshike njia ya Timau: kama kilomita 150 kwenda tu. Kwenye daraja hilo, Julai 2022, basi moja lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwa hiyo mtoke mapema, mgeuze gari mapema, na kama rafiki huyo ni wa kukimbizana na giza, mkatalie bila kuona haya. Hoja ya fedha nayo ina uzito. Mchangiane petroli, chakula mbebe cha nyumbani. Na mashamba yale yana wenyewe: ombeni ruhusa, mpige picha mkiwa ukingoni. Kila bua mnalolivunja ni mafuta ya mtu mnayoyamwaga, na nyuki waliomo hawajali kama mmevaa vizuri.

*Shangazi, mke wangu ametoka na rafikiye tangu asubuhi, eti kutazama kanola. Nimeuliza, nimeambiwa ni mmea wa mafuta ya kupikia. Nani hupanda gari kwenda kutazama mafuta? – Mzee wa Nkubu.*

Mzee, tena umepunguziwa habari. Kanola ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Mke wako amesafiri kwenda kutazama mboga. Lakini wako wanaume wanaosafiri hadi Nairobi kutazama wenzao ishirini na wawili wakifukuzia mpira, na hakuna aliyeniandikia barua kuwahusu. Ikiwa hili linalokuuma ni ng'ombe wa jioni, ndoo unajua inakoning'inia.