Jinsi ya Kumpiga Mwenzako Teke Bila Kudondoka

Kabla hujawasha pikipiki, tuelewane: haya ni maelekezo ya kucheza Road Rash, gemu la mbio za pikipiki lililotolewa na Electronic Arts mwaka 1991 kwa ajili ya mashine ya Sega. Ukienda kuyajaribu Barabara ya Morogoro, mimi hunijui.

Masharti ni mepesi. Mko waendeshaji 15, barabara ni tano za jimbo la California, na kila barabara umalize ndani ya nne bora ndipo upande daraja. Hakuna sharti lolote linalotaja adabu.

1. Ridhika na ulichopewa. Unaanzia Shuriken 400. Majina ya pikipiki hizi ni ya kubuni, kwa hiyo usiende kuulizia vipuri vyake Kariakoo. Vumilia, kusanya hela za ushindi, ubadilishe. Juu kabisa kuna Diablo 1000, chombo ambacho kona unaitambua ukiwa tayari umelala porini.

2. Sahau mkono wako wa kushoto. Marekani wanapita kulia. Sisi tuliozaliwa kwenye kushoto, gari likitutokea ghafla, mkono unakimbilia kushoto wenyewe, yaani kule kule magari yanakotokea. Rafiki yangu mmoja aligongana uso kwa uso na magari manne katika mbio moja, na kila mara alimlaumu dereva wa gari.

3. Usitafute silaha, tafuta mwenye silaha. Hakuna duka la marungu. Msogelee mwenye nalo, mwende naye bega kwa bega, macho kwenye mkono wake. Akiinua tu, mpige ngumi: rungu linahamia kwako, yeye anabaki kushangaa. Ukiwahi, umepiga upepo. Ukichelewa, rungu umelipata pia, ila kichwani.

4. Teke lina saa yake. Ngumi inamuumiza, teke linamsogeza. Kwa hiyo usimpige teke barabara ikiwa tupu, maana utakuwa umemhamisha tu. Subiri gari litokee mbele yake, kisha msukumie huko. Tatizo ni kwamba ukiwa unamtazama yeye, barabara huitazami, na California ina magari ya kuwatosha nyote wawili. Mabingwa wa kupiga ndio mara nyingi wanaomaliza wa mwisho.

5. Jifunze kutembea kwa miguu. Utaanguka. Utaruka juu kama gunia la mkaa lililokatika kamba, utaburuzika kwenye lami, pikipiki itaendelea na safari bila wewe. Hapo ndipo gemu linapoonyesha ucheshi wake: mtu wako anasimama, anajikusanya, anaanza kuifuata kwa miguu, tiki, tiki, tiki, huku wale wote uliowatandika dakika nzima wanakupita mmoja mmoja. Angalia kabla ya kuvuka. Kugongwa ukiwa mwendeshaji ni ajali. Kugongwa tena ukiwa mtembea kwa miguu ni nuksi.

6. Trafiki hahongeki. Yumo askari wa pikipiki, O'Leary. Hana mlango wa nyuma, hana mjomba anayemjua mjomba wako. Ukianguka karibu naye, kazi imekwisha: unalipa faini. Pikipiki ikivunjika kabisa, unalipa fundi. Mfuko ukiwa mtupu katika lolote kati ya hayo mawili, gemu limeishia hapo, rudi Shuriken.

7. Tunza nywila. Gemu hili la zamani halikukumbuki. Ukizima, inabidi uingize nywila ndefu ili uendelee ulipoishia. Yangu niliiandika nyuma ya daftari la hesabu. Mama akalichana daftari kuwashia jiko. Daraja tatu za utumishi uliotukuka zikaivisha maharage.

Ukihitimu, nenda Road Rash 3 ya mwaka 1995, ambamo moja ya nchi za mashindano ni Kenya. Wenzetu waliwekewa ligi ya kupigana juu ya pikipiki kabla bodaboda hazijajaa mijini kwao.

Limebaki jambo moja. Juzi nilikuwa nalicheza barazani, bodaboda wetu wa pale kijiweni akasimama kutazama. Nikaanguka kwa mwendo wa kutisha, mtu wangu akainuka, akakimbilia pikipiki. Akaniuliza jina la gemu maana yake nini. Nikamwambia: ile michubuko unayoipata ukiburuzwa na lami. Akamtazama tena yule mtu kwenye kioo, mzima, suti haina hata vumbi. Kisha akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akanionyesha, akaukunjua.

"Huyu hajaanguka," akasema, akaenda kupakia abiria.