Koko Sufuria na Kufuli Jipya

Kando ya barabara pale Mbau, kilomita kama 20 kaskazini mwa Beni, Kufuli jipya linang'aa kwenye meza ya mchuuzi. Pembeni yake yupo Sufuria, mzee wa kazi, kitako kimebonyea.

KUFULI: Jambo, Koko! Kesho naenda Beni, gereza la Kangbayi. Nimepata kazi ya serikali.

SUFURIA: Hongera, mjukuu. Mimi nilitumika humo.

KUFULI: Jikoni?

SUFURIA: Mchana jikoni, siku maharagwe yakipatikana. Usiku nilikuwa kengele. Mgonjwa akizidiwa, kapita ananigonga mlangoni: gwa, gwa, gwa! Ona kitako hiki.

KUFULI: Kapita ndiye askari?

SUFURIA: Mfungwa kama wenzake. Ndani wanajitawala wenyewe. Askari wako langoni, wachache, na askari wawili hawafungui mlango usiku waingie katikati ya mamia ya watu. Wanajibu kwa nje: “Ngojeni asubuhi.”

KUFULI: Na mgonjwa?

SUFURIA: Wengine walingoja.

KUFULI: Sawa, lakini mimi ni chuma. Kwangu hatoki mtu!

SUFURIA: Ndivyo alivyosema mwenzako wa Juni 2017. Jumapili moja watu wenye silaha wakalivamia gereza, watu 11 wakafa, wengi wao walinzi. Kati ya wafungwa 966, wakatoka zaidi ya 930. Oktoba 2020 wavamizi wakarudi, na safari hiyo wakatoka zaidi ya 1,300. Walibaki kama mia hivi.

KUFULI: Hao mia waliobaki walipenda kufuli?

SUFURIA: Sijui, mjukuu. Ila kwa mara ya kwanza askari walikuwa na wafungwa wanaoweza kuwalinda.

KUFULI: Si wangewapeleka wafungwa Butembo, kwenye gereza la Kakwangura?

SUFURIA: Agosti 2022 walitoka huko pia, zaidi ya 800.

KUFULI: Basi lazima walinzi waliongezwa!

SUFURIA: Kilichoongezeka ni wa kufungwa. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya wanajeshi, hata raia wakahukumiwa na korti ya kijeshi. Hapo ndipo wewe unapotafutwa.

KUFULI: Koko, usiku wakigonga nifanye nini?

SUFURIA: Kaa umefungwa. Wamekuchagua kwa sababu hudai mshahara.

KUFULI: Hata primu?

SUFURIA: Hata ya usafiri. Utapelekwa ndani ya mfuko wa mtu.