Utukufu wa Ukoko

Chakula chenye adabu humpa mlaji nafasi ya kukikataa. Karanga unaweza kuacha kuzinunua. Mandazi unaweza kuyapita sokoni Kasongo, huku kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, ukijifanya una haraka. Ukoko haukwepeki. Hakuna aliyeununua wala kuuagiza, na hakuna aliyewasha moto kwa ajili yake. Unapika wali, unakula wali, unashiba, unamshukuru Mungu na kunawa mikono. Ndipo mtu anapoanza kukwangua sufuria, na sauti ile ya mwiko inakurudisha mkekani.

Ndiyo maana nausifu. Vishawishi vingine vya tumbo huwavamia wenye njaa, na kumshinda mwenye njaa si ushujaa. Ukoko huwasubiri walioshiba. Waislamu wa Kasongo wamefundishwa tangu chuoni kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Mpango huo wali huuheshimu. Ukoko huingia moja kwa moja katika fungu la pumzi. Nimewaona wazee wa heshima zao baada ya futari, wanahema kwa zamu huku wanatafuna, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kukosa hewa.

Wataalamu wana maelezo yao. Barbara Rolls na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba mtu hukinai kile alichokuwa akila, si kila chakula. Kikija chenye ladha nyingine, hamu hufufuka. Wali ni laini na mweupe. Ukoko ni mkavu, una rangi, una harufu ya kuchomwa kidogo, na kama mpishi ametia mawese basi mafuta yote mazuri yameshukia huko. Ni mchele uleule uliobadili nguo, na ulimi, ambao haukujaliwa akili nyingi, unaupokea kwa mikono miwili. Siri iko kwenye moto: maji yakikauka chini ya sufuria, joto hupanda kupita nyuzi 100, na punje zinaanza kugeuka kahawia kwa njia ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Bibi zetu hawakumngoja.

Nasaba yake pia si ya kubezwa. Mpunga uliingia Maniema na misafara ya Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, ukaipenda ardhi hii bila kudai mifereji: msitu unafyekwa, mbegu inapandwa, mvua inamaliza kazi. Majeshi ya Mbelgiji Francis Dhanis yalipouteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893 na kumwondoa Sefu, mwana wa Tippu Tip, daktari mmoja wa msafara huo, Sidney Hinde, alistaajabia maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Wenye mji wakabadilika, mchele ukabaki. Mwaka 1917 Wabelgiji wakaleta amri ya mazao ya lazima, na wanakijiji wakalimishwa pamba na mpunga watake wasitake. Ukoko peke yake haukuamriwa na mtu, haukupimwa kwenye mizani ya kampuni, wala haukutozwa kodi.

Kabambare, jirani ya Kasongo, nako kuna historia. Huko ndiko David Livingstone alikokwama miezi mingi mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kuondoka. Meno nayo yalikuwa yamemtoka kwa kutafuna mahindi na vyakula vigumu, kwa hiyo mimi namhurumia mara mbili. Siku hizi Kabambare inatajwa zaidi kwa dhahabu ya Namoya na Salamabila. Ukoko ndiyo dhahabu pekee ya huko isiyohitaji bunduki mlangoni.

Kuna atakayeniuliza kama si aibu kusifu ulafi katika nchi iliyoonja njaa. Anauliza kwa haki. Katika miaka ya 1970 na 1980 mradi wa afya wa Kasongo, uliohusisha Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, uliwapima watoto wadogo uzito ili kujua nani yuko hatarini. Viuno vya wazee haukuvigusa. Baadaye zikaja vita, na watu wengi wakakimbia mashamba yao. Lakini anayelalamika kwamba ukoko unamnenepesha amekiri kwamba nyumbani kwake kulikuwa na sufuria, na sufuria ilikuwa na kitu. Malalamiko ya namna hiyo nayasikiliza kwa furaha.

Wanaotaka kuutawala wana silaha moja tu inayofanya kazi, nayo ni kopo la maji. Wali ukishapakuliwa, mwagia sufuria maji papo hapo. Ukoko unalegea, unakuwa uji usio na jina, na kesi imekwisha. Ushauri mwingine ni maneno. Kupunguza moto? Makala ya mbabula hayasikilizi mtu, na kuni ndiyo kabisa. Kuwaachia watoto? Siku hiyo utashangaa ni wangapi nyumbani wanaojihesabu watoto, wengine wana mvi.

Sifa yake kubwa nimeiweka nyuma, kama wenyewe unavyojiweka. Mwanamke ndiye aliyepanda mpunga ule, akaufukuzia ndege, akauvuna, akautwanga kinuni, akaupepeta, akaupika. Kisha mgeni akapakuliwa kwanza, baba akafuata, na wote wawili wakapewa wali wa juu, mweupe, wenye heshima na usio na mambo mengi. Yeye akabaki jikoni na sufuria. Nani aliyekula vizuri zaidi? Mila inayomweka mpishi mwisho imempa bila kujua kipande kitamu kuliko vyote, na yeye, kwa busara, hajaitangaza habari hiyo sebuleni.

Sasa imeanza kuvuja. Najua nyumba moja Kasongo ambamo baba, mtu ambaye hajawahi kushika hata kikombe kichafu, ameanza kujitolea kuosha vyombo. Ni siku za wali tu. Anafunga mlango wa jikoni, na mkewe, aliye nje na kopo la maji mkononi, anagonga.