Sifa za Demani, Kamba Isiyo na Kwao

Kinanie hakuna bahari. Kuna jua, vumbi na malori yaliyofunikwa turubai. Hata hivyo anayetaka kusifu kamba aanzie huku huku kwa Wakamba, wala si kwa ajili ya jina tu. Maji ya Mto Athi, unaopita katika kaunti hii ya Machakos, mbele ya safari huitwa Galana, kisha Sabaki, ndipo yanamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ikiwa mto mzima hubadili jina mara mbili kabla ya kufika, nani ataicheka kamba inayobadili njia?

Kamba yenyewe ni demani, ile inayofungwa pembe ya nyuma ya tanga ili baharia alivute au alilegeze. Adabu haina. Hukwaza miguu, huchuna viganja, na ikichomoka hukuzaba kofi bila kuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Wanaoionea zaidi ni wenye mashua za starehe za kisasa. Tanga lao lina boriti ya kulala upande wa chini, na demani huivuta boriti hiyo. Siku hizi huongeza mhimili mgumu, bomba lenye springi ndani, kutoka shina la mlingoti hadi kwenye boriti, ili boriti isiinuke ovyo wala isiwaangukie watu vichwani. Mgeni huyo akishaketi, demani huambiwa ipishe. Makapi yanafunguliwa, matundu mapya yanatobolewa, na mwenye chombo anashika kiuno akitazama kamba kana kwamba ndiyo iliyoleta mhimili.

Demani haibishi, ingawa bila yake chombo hakiwezi kubisha. Huhamia nyuma, na huko hulipa ubaya kwa wema. Kwenye boriti ya mita 4, kamba iliyofungwa katikati hudai nguvu maradufu ya ile iliyofungwa nchani. Ni hesabu ya wenzo tu. Gharama yake ni kuvuta kamba ndefu zaidi, jambo ambalo mikono hulipenda na pochi hulinung'unikia.

Lamu hawana habari na mhimili. Tanga la jahazi huning'inia kwenye foromali, juu, na chini halina boriti yoyote. Basi chombo kikigeuza shetri kwenye upepo, foromali husimamishwa sambamba na mlingoti, demani ikaachiliwa, ikazungushwa mbele na kufungwa upande wa pili. Kuihamisha si ukarabati. Ndiyo safari yenyewe. Hata Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kushushwa majini 2018, lilibadilisha mbao lakini si tanga la pembetatu. Mwaka 2019 lilikwenda hadi Zanzibar, kama kilomita 500.

Tena jina la kamba hii ni jina la majira: demani, upepo mpole wa mwisho wa kusi. Mhimili umepewa msimu gani?

Basi wewe wa Kinanie utakayeshuka pwani na kupanda jahazi, ukisikia nahodha anapaza sauti chombo kikigeuza, usisimame kupiga picha. Inama. Demani inapita.