Nyanya za Mama Mkwe

Ukoka wa nyumbani kwetu Tengeru haukuwahi kumnyima mtu usingizi mpaka wifi alipoposwa. Kamati ya sendofu iliamua maturubai yafungwe pale pale uwanjani badala ya kukodi ukumbi, na macho yote yakageukia chini. Kumbe uwanja ulishaingiliwa siku nyingi. Kishona nguo kilikuwa kando ya njia, mziwaziwa umetambaa katikati, mbigili imekaa karibu na koki, na upande wa banda la ng'ombe gugu karoti lilishaanza kutoa maua meupe. Ndago nazo zilikuwa zimechomoza kila mahali.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, akaomba kazi hiyo aachiwe yeye. Ni kijana wa kujituma, na ndiyo maana nasimulia habari hii bila kinyongo naye. Hakuwa mvivu wala mjeuri. Alikosa maelekezo tu, na watu wa namna hiyo ni wengi.

Muuzaji wa dawa alimwuliza jambo la maana: anataka kuua kila kitu, au anataka nyasi zibaki? Glaifoseti ingeuondoa ukoka pamoja na magugu. Basi akampa 2,4-D, dawa iliyoko sokoni tangu miaka ya 1940, inayoiga homoni ya ukuaji ya mmea. Gugu la majani mapana likiinywa hukua ovyo, shina likajipinda mpaka mmea ukafa, lakini nyasi kwa maumbile yake huistahimili. Hapo muuzaji alifanya vyema. Baya ni kwamba, kwa kuwa shemeji hakutaka lita nzima, alimpimia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Chupa ile haikuwa na jina la dawa, kipimo wala onyo lolote. Shemeji akaiweka dirishani jikoni.

Niliikuta jioni, mtoto wa jirani akiwa ameshainyooshea mkono. Kimiminika cha kahawia, sawasawa na chai ya mkandaa iliyopoa. Niliichukua nikaifungia stoo, na hadi leo nikiona dawa inauzwa kwa kupimiwa kwenye chupa za soda na maji, moyo unanienda mbio. Kifungashio chenye lebo ndicho kinachomwambia daktari mtoto amekunywa nini.

Shemeji alianza kupiga dawa saa tisa alasiri, mimi nikiwa kazini. Jua lilikuwa kali na upepo wa alasiri ulikuwa unapanda kutoka bondeni kuelekea Meru. Ncha ya bomba la mgongoni alikuwa ameikaza itoe ukungu mwembamba, akiamini dawa itaenea vizuri zaidi. Juu ya uwanja, hatua chache tu, ndipo yalipo matuta ya nyanya za mama mkwe. Ni Tengeru 97, mbegu iliyozaliwa kwenye kituo cha utafiti hapa hapa kwetu, na mama anazitunza kama fahari ya familia.

Hazikupita siku nyingi ncha za nyanya zikaanza kujisokota. Mama alitazama mara moja akasema, "Hii ni rasta." Rasta huletwa na inzi weupe, kwa hiyo akaagiza dawa ya wadudu ipigwe upesi, na maharage yaliyoko nyuma ya nyumba yapigwe pia yasije yakaambukizwa. Shemeji alitii. Alilisuuza bomba lile lile kwa maji mara moja, akajaza dawa ya wadudu, akapiga. Baada ya siku chache maharage, ambayo upepo haukuyafikia, nayo yakapinda shingo.

Nyumba ikachafuka. Mama alishika kwamba jirani aliyemwuzia miche ya nyanya alimpa yenye ugonjwa, na maneno yalifika mpaka ng'ambo ya uzio. Jirani akaacha kuja kuchukua maziwa. Mume wangu akaitwa kusuluhisha, akashindwa.

Aliyetuokoa ni bwana shamba. Aliamkia, akazunguka kimya, akafunua majani ya nyanya chini akitafuta inzi weupe, asiwaone. Akatuonyesha jani changa: limekuwa jembamba kama uzi, mishipa yake imesogeleana. Kisha akasimama kwenye mahindi. "Mama, nyanya zimepinda, maharage yamepinda, na mpapai ule pia. Mahindi na migomba mbona mizima?" Hakuna aliyejibu. Rasta huanza na mche huu, baadaye ule, lakini hapa upande mzima ulipinda kwa pamoja, na mahindi, ambayo ni jamii ya nyasi, yalisalimika pamoja na migomba. Akamgeukia shemeji kwa upole: "Mlipiga nini kwenye uwanja?"

Alishauri nyanya na maharage ving'olewe, matunda yasiliwe, na majani yake asipewe ng'ombe wala yasitupwe kwenye mboji. Mama alilia. Kesho yake alibeba mkungu wa ndizi akaenda kwa jirani kuomba radhi, na mimi nilimsindikiza.

Sehemu ya uwanja iliyokuwa bado na magugu ilipigwa upya, safari hii kwa dawa iliyonunuliwa kwenye chupa yake iliyofungwa, bwana shamba akiwa amesimama. Kwanza alimsomesha shemeji lebo yote kwa sauti. Alimvalisha glavu, buti, mikono mirefu na miwani ya kukinga, maana 2,4-D isiyozimuliwa inaumiza macho vibaya, na hatari kubwa ni wakati wa kupima. Walianza asubuhi, jua halijapanda, upepo mwanana ukienda mbali na mboga. Ncha ililegezwa itoe matone makubwa, ikashikwa chini, ikalenga gugu moja moja. Kuku walifungiwa na watoto walizuiwa mpaka majani yakauke. Ukoka haukukatwa siku kadhaa kabla na baada, ili majani ya magugu yapate kuinywa dawa, na ulipokatwa haukupelekwa kwa ng'ombe. Chupa ilisuuzwa mara tatu, maji yake yakarudishwa ndani ya bomba, kisha ikatobolewa isije ikatiwa mafuta ya taa. Bomba lenyewe lilipakwa rangi nyekundu. Ni la magugu tu, na dawa ya mboga ina bomba lake.

Gugu karoti tuling'oa kwa mkono, tukiwa na glavu kwa sababu huwasha ngozi. Sendofu ilifanyika na ukoka ulipendeza.

Ndago zilibaki. Shina lake lina pembe tatu, si nyasi wala si jani pana, na dawa ile haikuzimaliza. Tunazichimba mvua inaponyesha na udongo kulainika, na vijinundu vyake vyote, kwa sababu kimoja kikibaki ardhini kinatosha kuzirudisha.