Tondozi ya Amonia

Tondozi, kama wanavyoeleza wataalamu wa fasihi simulizi, ni utungo wa kumsifu mtu, mnyama au kitu, na katika jadi ya wafugaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kwanza katika tungo za aina hiyo imekuwa ya ng'ombe, ambaye husifiwa rangi yake, pembe zake na ukoo wake mpaka msikilizaji asiyekuwa naye ajione maskini. Amonia haijabahatika kiasi hicho. Upungufu huo unashangaza zaidi katika eneo la Kisaju, kwenye barabara iendayo Namanga kati ya Kitengela na Isinya, kwa kuwa huko amonia ni jirani wa kila mtu: hunuka alfajiri katika zizi la Mmaasai, humtoa machozi anayefungua banda la kuku wa nyama ambalo matandazo yake yameloa, hupita pamoja na mbolea katika mabomba ya vitalu vya maua, na siku hizi, tangu nyumba za mawe zilipoanza kuchukua mahali pa malisho, imepata makao mapya sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye mimea ya majini na samaki wadogo wa rangi. Hapo ndipo inapochukiwa kuliko kwingine kote, na hapo ndipo inapostahili kusifiwa.

Sifa yenye adabu huanza na nasaba, na nasaba ya amonia haina kasoro. Jina lake limetokana na Amun, mungu wa Wamisri wa kale aliyekuwa na hekalu huko Siwa, chemchemi iliyo jangwani karibu na mpaka wa Libya, ambako waandishi wa kale walihusisha jina la mungu huyo na chumvi iliyouzwa kwa jina lake. Gesi yenyewe ilitengwa na Joseph Priestley nchini Uingereza mwaka 1774, na mwaka 1909 Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha kwamba inaweza kutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, ugunduzi uliozaa kiwanda cha kwanza kikubwa mjini Oppau mwaka 1913 na kumpatia yeye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Gunia la yurea linalouzwa katika duka la pembejeo Kitengela ni mjukuu wa kiwanda hicho. Samaki wa tangini hawana la kujibu mbele ya ukoo wa namna hiyo, kwa sababu wengi wao walifika Kisaju wakiwa ndani ya ndoo, juu ya mapaja ya abiria wa matatu.

Wanaoilaumu amonia husahau kwamba haiingii nyumbani mwa mtu bila mwaliko. Samaki anapokula, mwili wake huvunja protini ya chakula, na naitrojeni isiyohitajika hutolewa nje ikiwa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu, yaani vile viungo vyekundu vya kupumulia vilivyo pande mbili za kichwa, wala si kupitia mkojo kama wengi wanavyodhani. Chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia, jani likioza hutoa amonia, na konokono aliyekufa nyuma ya jiwe hutoa amonia nyingi kuliko heshima aliyopewa alipokuwa hai. Kwa hiyo mwenye tangi anayelalamika kwamba amonia imemvamia hana tofauti na mwenye sherehe aliyechinja mbuzi, akaalika kijiji kizima, kisha akashangaa kuwaona nzi.

Hata hivyo, sifa iliyo kubwa, ambayo wapinzani wake huigeuza kuwa kosa, ni uthabiti. Kwa kawaida amonia hupimwa kwa matone ya dawa yanayobadilisha rangi ya maji kutoka manjano hadi kijani, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo amonia inavyokuwa nyingi. Mwenye tangi anapoona kijani humwaga nusu ya maji na kuongeza mengine. Kesho yake kijani kimerejea. Hununua chupa ya dawa ya kufunga amonia, na kijani hakibanduki, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo huiweka amonia katika hali isiyodhuru kwa muda bila kuiondoa majini, nacho kipimo huendelea kuihesabu. Hukasirika, akaosha sponji la kichujio kwa maji ya bomba mpaka likawa jeupe, na wiki inayofuata kijani kimekolea maradufu. Mgeni mwenye haya angekuwa amekwisha kufunga virago. Amonia hubaki, kwa sababu jambo lililoileta bado lipo, na haina desturi ya kuondoka kabla ya jambo hilo kutafutwa.

Jambo hilo mara nyingi limelala chini ya changarawe. Mkazi wa Kisaju anayetaka mimea yake ya majini inawiri ana vishawishi viwili karibu na mlango wake, navyo ni udongo mweusi na samadi. Udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kwa kweli ni rafiki mwema, kwa maana chembe zake za mfinyanzi zina chaji hasi na hivyo huivuta na kuishika amonia iliyo katika hali yake ya chaji chanya, zikiiwekea mizizi akiba. Samadi ni habari nyingine. Samadi iliyotoka zizini juzi, ambayo haijaoza ikaisha, imejaa naitrojeni ambayo bakteria watakuwa wakiivunja kwa wiki nyingi chini ya mchanga, na kila wanachokivunja hupanda juu kama kodi isiyosahaulika. Kubadilisha maji huku samadi hiyo ikiwa chini ni sawa na kufukuza mbu kwa kiganja ilhali ndoo ya maji machafu iko chini ya kitanda. Hata udongo ghali wa dukani, ule wa vidonge vidogo uliotengenezwa mahususi kwa mimea ya majini, aina zake nyingi hutoa amonia katika wiki za mwanzo, na mnunuzi asiyesoma maandishi ya mfuko huwalaumu samaki.

Zaidi ya hayo, mimea mingi inayouzwa hukuzwa ikiwa na majani yake hewani, na inapozamishwa majani hayo huyeyuka na kuoza kabla ya majani ya majini kuchipua. Anayeyaacha kwa kuionea huruma mimea yake huwa anailisha amonia kwa mkono wake mwenyewe.

Inafaa sasa kueleza tabia ya amonia yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ustaarabu wake unapoonekana. Ikiwa majini huwa katika hali mbili, moja ikiwa ni amonia kamili, ambayo ni gesi iliyoyeyuka na inayopenya mashavu ya samaki na kuyaunguza, na nyingine ikiwa ni amoniamu, yaani amonia iliyojitwika chembe moja ya haidrojeni na kupata chaji chanya, ambayo haimdhuru samaki kwa kiwango hicho. Kinachoamua ni ipi itatawala ni pH hasa, yaani kipimo cha asidi na alikali, kikisaidiwa na joto. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye pH 7, kati ya chembe 1,000 zipatazo 6 tu huwa gesi yenye sumu. pH ikifika 8 huwa kama 54, na ikifika 9 huwa zaidi ya 350. Kipimo cha matone huzihesabu zote kwa pamoja bila ubaguzi, na kwa hiyo kijani kile kile kinachomwacha samaki wa mahali pengine akichezacheza chaweza kumuua wa Kisaju.

Sababu ni maji. Visima vingi virefu vya nyanda za Athi na Kapiti, ambavyo hujaza maboza yanayouza maji Kitengela, hutoa maji yenye floridi na yenye chumvi za jamii ya magadi, jamii ile ile ambayo mpishi huitia kidogo katika sufuria ya maharagwe ili yaive upesi. Maji hayo huwa ya alikali, nayo alikali huinoa amonia makali. Lakini msifu mwaminifu hana budi kuongeza kwamba chumvi hizo hizo ndizo zinazowalisha adui zake, kwa kuwa bakteria wanaoila amonia hutumia takriban miligramu 7 za alikali kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni wanayoibadilisha, na katika maji laini yasiyo na akiba hiyo kazi yao husimama. Kisima kimoja, basi, humpa mwizi panga na kumpa mlinzi posho.

Bakteria hao waliwekwa wazi na Mrusi Sergei Winogradsky mnamo 1890, alipokuwa akifanya utafiti mjini Zurich. Kundi moja, ambalo mashuhuri wake ni Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Na mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba zipo Nitrospira zinazofanya kazi zote mbili, kila moja peke yake, baadhi zikiwa zimepatikana katika chujio la mfumo wa kufugia samaki. Viumbe hawa hawana riziki nyingine ila hiyo. Bila amonia, kichujio kingekuwa sponji tu kama lile la kuoshea vyombo, na tangi lisingekuwa na mji mzima wa wafanyakazi wasiolipwa ambao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ni dhaifu kupita kiasi. Klorini ya maji ya bomba huwaua, jambo linaloeleza kwa nini sponji jeupe ni dalili ya msiba. Baridi huwapunguzia mwendo, nayo Kisaju, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina huruma mwezi wa Julai. Na wanapokosa oksijeni kwa saa kadhaa kwa sababu umeme umepotea na pampu imesimama, kazi yao husimama. Asubuhi umeme hurudi, pampu huanza kuimba, kila mtu husahau usiku ule, isipokuwa amonia. Yenyewe huandika kila kitu.

Kuhusu mimea, amonia haihitaji wakili. Mmea wa majini unaokutana na amoniamu na nitrati kwa pamoja kwa kawaida huanza na amoniamu, kwa kuwa nitrati hulazimika kugeuzwa tena kuwa amoniamu ndani ya mmea kwa gharama ya nguvu, hoja ambayo Diana Walstad wa Marekani aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1999 kuhusu ekolojia ya tangi lenye mimea. Inavyoonekana, mwenye tangi anayetumia fedha kununua mbolea ya majini na fedha nyingine kununua dawa ya kuondoa amonia hununua kitu kimoja mara mbili, kwanza kwa kukitaka na pili kwa kukikataa. Kosa lake lingine ni la madaha: hupenda mimea ya bei, kama vile Anubias wa Afrika Magharibi, ambayo hukua jani moja kwa mwendo wa mzee wa baraza, na hudharau magugu yaeleayo, ambayo hula amonia usiku na mchana na hayaombi shukrani. Gugumaji lililoziba Bwawa la Nairobi halikuletewa mbolea ya dukani. Lilishiba uchafu wa jiji.

Haki inadai kumtaja mpinzani mmoja, naye kwa aibu ya tondozi hii ni mzaliwa wa Kajiado, kaunti ya Kisaju yenyewe. Katika Ziwa Magadi, upande wa magharibi wa kaunti hiyo hiyo, anaishi perege mdogo aitwaye Alcolapia grahami, ambaye huogelea katika maji ya pH karibu 10 yenye joto linaloweza kuzidi nyuzi 40. Katika maji kama hayo samaki wa kawaida hushindwa kuitoa amonia mashavuni na hufa kwa sumu yake mwenyewe. Mwaka 1989 David Randall na wenzake, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha katika jarida la Nature kwamba samaki huyo hutoa takataka zake za naitrojeni zikiwa yurea, si amonia, kama afanyavyo binadamu. Ni ukosefu wa shukrani usio na mfano kwa samaki wa kaunti ambayo hata ng'ombe wake huiheshimu amonia kila alfajiri, lakini pia ni ushahidi kwamba amonia ni mwalimu asiye na mchezo, kwa sababu hata samaki ilibidi wabadilishe mwili wakashindwa kuibadilisha yenyewe.

Mwenye tangi hana nafasi ya kungoja mabadiliko ya namna hiyo. Anayetaka kuiaga amonia kwa heshima hupima kwanza maji ya boza kabla hayajagusa tangi, hufukua samadi aliyoifukia, hukata majani yaliyoyeyuka, hubadilisha maji kidogo kidogo, huosha sponji kwa maji yaliyotolewa tangini tu, tena kwa kulikamua mara moja, kisha hutia magugu yaeleayo na kungoja wiki zake. Na msomaji ambaye kipimo chake ni cha kijani hata sasa anaombwa asiwape samaki chakula leo wala kesho. Samaki mzima aliyekomaa hukaa siku kadhaa bila kula na haoni tabu.